Uvamizi Aliouona Mama Mkwe

Jumamosi moja ya Oktoba mama mkwe wangu alitabiri uvamizi mara kumi na tisa.

Ukaja mara kumi na tisa. Hakukosea hata mara moja.

Ana miaka sabini na mbili, jicho la kushoto halioni vizuri, na muda wote huo alikuwa anamenya karanga za kuchemsha na kuwasema watu.

Sisi makocha tulikuwa tisa. Tulikuwa na kompyuta sita, hedifoni masikioni na projekta mbili. Tulitabiri sifuri.

Wakuu, hii kitu nimekaa nayo mwaka na nusu. Nikiikumbuka nacheka, halafu aibu inanishika. Leo naitoa yote.

Naitwa Njiku, kwetu Singida. Nilikuja Marekani kusoma takwimu, nikaoa, nikabaki. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa mtu wa hesabu kwenye timu za vyuo, za futiboli yao hii ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai.

Usiulize kwa nini wanaiita futiboli na wanashika kwa mikono. Niliuliza mwaka wa kwanza, nikaangaliwa vibaya, nikakausha.

Timu yenyewe ni ya chuo kidogo kule Mississippi, Chuo cha Pruitt Valley. Mji una taa za barabarani nne na makanisa ishirini na mbili. Jumamosi mchana ukimkuta mtu hayupo uwanjani, ujue ni mgonjwa au ni marehemu.

Sasa nielewe hapa, halafu tutaenda vizuri.

Timu inayoshambulia ina njia mbili. Ama mtu anaubeba mpira na kukimbia nao, ama mrushaji anarudi nyuma na kuurusha mbali. Mrushaji anahitaji kama sekunde tatu ili aone wa kumrushia.

Walinzi kwa kawaida hutuma watu wanne kumkimbilia. Uvamizi ni pale wanapotuma saba. Hapo mrushaji wako hapati sekunde tatu, anapata dua.

Lakini uvamizi ni kamari. Wakija saba halafu kumbe mpira unakimbizwa, mkimbiaji akiwapita tu, nyuma hakuna mtu. Ni uwanja mtupu.

Kwa hiyo mvamizi anahitaji kujua jambo moja tu. Je, sasa hivi wanarusha au wanakimbia?

Msimu ule tulishinda mechi mbili za kwanza. Tukajiona wakubwa. Halafu kuanzia mechi ya tatu wakaanza kuja.

Tukirusha, wanakuja saba. Tukikimbia, wametulia wanatusubiri. Kila mara. Ni kama walikuwa wamekaa nasi kikaoni.

Mrushaji wetu, Deshun Pickett, kijana wa miaka ishirini na moja mwenye adabu zake, alibomolewa mara thelathini na nane katika mechi sita. Mechi ya tano alitoka uwanjani ananiuliza leo ni siku gani. Nikamwambia Jumamosi. Akasema, "Asante, Kocha," akarudi uwanjani.

Tukapoteza zote sita.

Sasa ngoja nikuonyeshe wataalamu walivyohangaika.

Kocha mkuu alikuwa Dub Trammell. Jamaa mkubwa, tumbo mbele, kijiti cha meno mdomoni, sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani. Msaidizi wake wa mashambulizi alikuwa Brantley Koontz, miaka thelathini na moja, kijana wa slaidi. Brantley hata akitaka kwenda msalani anaonyesha slaidi kwanza.

Baada ya kupigwa mechi ya tatu, Brantley akaleta slaidi themanini na nne.

"Tatizo," akasema, "ni utambuzi wa shinikizo kabla ya tukio."

Kocha Trammell akatikisa kichwa kama ameelewa. Sisi wote tukatikisa.

Tukapigwa tena.

Mechi ya nne Trammell akasema kuna jasusi. Uwanja wa mazoezi ukazungushiwa plastiki nyeusi. Mzee anayekata nyasi akaambiwa awe anafunga macho akipita na mashine. Akakata na waya wa umeme.

Tukapigwa tena.

Wakabadilisha majina ya mipango yote. Brantley akasema tutumie vyakula, adui hataelewa. Basi unasikia kijana wa kilo mia na arobaini anapiga kelele, "Pai ya viazi vitamu, kushoto!" Mwenzake amesikia "mkate wa mahindi", anaenda kulia. Wanagongana wao kwa wao, wavamizi wanapita katikati wakisema samahani.

Adui hakuelewa kweli. Na sisi hatukuelewa.

Mechi ya sita tukaletewa mtaalamu wa utulivu, mama mmoja mwenye shali ndefu. Akamfundisha Deshun kupumua. "Vuta pumzi kwa sekunde nne," akamwambia, "ishike kwa nne, itoe kwa nne."

Deshun akainua mkono. "Mama, samahani. Wale jamaa wanafika kwa sekunde mbili na nusu."

"Basi vuta kidogo," akajibiwa.

Na mimi je? Ah, mimi ndiyo usiseme. Mtu wa hesabu! Niliingiza kila kitu kwenye kompyuta. Upande wa uwanja, upepo, dakika, matokeo, rangi ya soksi. Wallahi niliweka mpaka ukubwa wa mwezi. Nilitafuta kile kinachowaambia wale watu waje, nikakosa.

Nilikuwa nawacheka wenzangu kimoyomoyo. Brantley na slaidi zake, Trammell na majasusi wake. Nikasema hawa ndugu zangu hawana akili, siku nikipata jibu watanipigia saluti.

Kumbuka hiyo saluti.

Halafu nilikuwa na kazi ya pili, ndogo, nisije nikaisahau.

Kwao kocha haruhusiwi kuingia uwanjani. Akivuka mstari akamzuia refa, refa anatupa kitambaa cha njano na timu inarudishwa yadi kumi na tano. Sasa makocha wana mihemko. Kwa hiyo kila timu ina mtu ambaye kazi yake ni kumshika kocha mkuu mkanda wa suruali kwa nyuma na kumvuta.

Sifanyi utani. Ni kazi inayotambulika, ina jina kabisa. Wanaiita kocha wa rudi-nyuma.

Nilipewa mimi kwa sababu nilikuwa nasimama karibu na pia nina mwili.

Mechi ya kwanza nilichelewa mara mbili, tukaadhibiwa mara mbili. Nikajisikia vibaya, na nikafanya ninachojua. Nikapiga hesabu. Nikagundua Trammell anasogea mbele mpango ukiwa wa kurusha, maana anapenda kuona mpira ukiruka. Ukiwa wa kukimbia, anatulia anatafuna kijiti.

Basi nikawa nawahi. Nikisikia kwenye hedifoni "tunarusha", nashika mkanda mapema, mchezo haujaanza. Tangu siku hiyo hatukuadhibiwa tena hata mara moja.

Nilijivunia sana. Niliandika mpaka kwenye ripoti yangu ya nusu msimu.

Najua wewe msomaji umeshaelewa. Mimi nilikuwa sijaelewa. Endelea kunivumilia.

Baada ya kupoteza ya sita, mkuu wa chuo akamwita Trammell ofisini, akamwambia kwa adabu zote za kusini: Jumamosi ijayo mnacheza na Delmont. Mkipoteza, tunawaombea heri huko mtakakokwenda.

Na kwao kocha mkuu akiondoka, wote tunafagiwa. Kesho yake anaingia mwingine na watu wake.

Jioni ile nikamwambia mke wangu. Ronetta alikuwa anakunja nguo. Hakuinua kichwa.

"Njiku, tumehama mara ngapi?"

"Nne."

"Tano. Umesahau Arkansas, kwa sababu wewe ulikuwa safarini na mimi ndiye niliyebeba kochi."

Nikachukua shati moja, nikaanza kukunja na mimi.

"Hapa ni kwetu," akasema. "Mama yuko peke yake. Mwanao Ayanna amebakiza mwaka mmoja amalize shule, na kwa mara ya kwanza ana rafiki ambaye amemjua zaidi ya miaka miwili. Sikugombezi, mpenzi. Nakupa taarifa tu. Safari hii ukihama, unahama wewe na begi lako."

Nilimjua Ronetta. Akipiga kelele, bado kuna mazungumzo. Hii sauti ya chini ndiyo niliyoiogopa. Sikulala vizuri, nasema ukweli.

Jumapili baada ya ibada tukaenda kula kwa mama mkwe, Bi Earline. Samaki wa kukaanga, mboga za majani zilizochemka tangu asubuhi, mkate wa mahindi. Walikuwapo na wenzake wawili wa kwaya, wanabishana.

"Earline, jana ulitumalizia karanga zetu kwa hila," mmoja akasema.

"Hila gani? Mmeshindwa, lipeni. Kumi na tisa kwa kumi na tisa!"

Nikauliza, kwa kutafuta maongezi tu, "Kumi na tisa za nini, mama?"

"Za wale wanaokuja kumuumiza Deshun. Tunawekeana karanga. Mimi nasema 'wanakuja', na wanakuja. Hawa hawajui kusoma mchezo."

Nikacheka. "Mama, umejuaje? Sisi makocha tisa tumeshindwa."

Bi Earline akaniangalia kwa lile jicho lake zima. Akaweka uma chini.

"Unanitania?"

"Hapana, mama."

"Si wewe ndiye unatuambia? Ukimshika yule bwana mkanda, wanakuja. Usipomshika, hawaji. Nilidhani ndiyo kazi waliyokupa."

Mama wa kwaya akadakia, "Ah! Kumbe ulikuwa unamwangalia mkwe! Huo ni wizi, rudisha karanga!"

"Jukwaa zima linajua, mwanangu," Bi Earline akaendelea, sasa kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kicheko. "Mwuza soda anajua. Mchungaji anajua. Tulidhani ni mbinu zenu za juu hatuzielewi."

Nikaacha samaki wangu sahanini.

Nikaenda kwenye gari, nikafungua laptopu. Vyuo hupeana video za mechi ili kila mmoja amsome mwenzake. Sisi tulikuwa tunatoa zetu nzima, na pembeni ya picha tunaonekana tumesimama. Video za kufanyia kazi nilikuwa nakata pembeni, nabakiza uwanja tu, ili hesabu zangu ziwe safi.

Safari hii nikaangalia nzima.

Mkono unashika mkanda. Mlinzi wao wa kati anageuza shingo, anatazama kwetu. Anainua ngumi. Wanakuja saba.

Tena. Tena. Mara sabini na moja nilishika mkanda katika mechi zile sita. Mara sitini na sita walikuja.

Sikuwahi kupata takwimu nzuri namna ile maishani, na ilikuwa ni mkono wangu wa kulia.

Dah. Nilifikiria yule kijana anayeniuliza leo ni siku gani na kunishukuru. Nikalia kwenye gari, mtu mzima na ndevu zangu, nje ya nyumba ya mama mkwe.

Jumatatu asubuhi nikaingia kikaoni nimeamua kusema. Brantley alikuwa kwenye slaidi ya thelathini.

Nikainua mkono. "Kocha, nimepata kinachowaita. Ni mimi. Ni mkanda."

Hakuna aliyenipigia saluti.

"Mkanda gani, Profesa?" Trammell akauliza. Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza.

"Wa suruali yako. Tukitaka kurusha wewe unasogea, kwa hiyo mimi nakushika mapema. Wanaona mkono wangu, wanakuja."

Trammell akatoa kijiti mdomoni. Hilo ni jambo alilokuwa akilifanya kwenye misiba tu.

"Mimi nasogea?"

"Ndiyo, Kocha. Asilimia tisini na nne."

"Mimi sisogei. Miaka ishirini na sita ya ukocha, mimi ni mtu wa kusimama. Muulize yeyote."

Nikawaangalia wenzangu saba. Kila mmoja aligundua kuna kitu kizuri sana mezani cha kukitazama.

Brantley akakohoa. "Kwa heshima zote, Profesa, mkanda haumo kwenye mfumo. Hauna safu."

"Kwa hiyo utashika mkanda kama kawaida," Trammell akamaliza, "ingawa sisogei."

Jamani, yaani mtu amewekewa mtu maalumu wa kumvuta, na anasema hasogei.

Nilitoka nimechoka. Koridoni nikamkuta Deshun ana barafu begani. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Nilidhani atanitukana. Nilistahili.

Akaitoa barafu begani. "Kwa hiyo tatizo si mimi?"

"Si wewe. Hata mara moja."

"Mama yangu amekuwa akiniuliza kwa nini sioni mbele." Akafuta uso. "Kocha, basi Jumamosi shika mkanda tukiwa tunakimbia."

Nikamtazama.

"Waache waje," akasema. "Waje wote."

Jumamosi ikafika. Delmont wakashuka na mabasi matatu. Mlinzi wao wa kati alikuwa jitu lina shingo kama gogo, na kabla ya mechi aliniangalia na kunikonyeza. Akanikonyeza mimi!

Mpango wa kwanza ulikuwa wa kurusha. Nikaweka mikono mfukoni.

Trammell, yule mtu wa kusimama, akaondoka. Hatua ya kwanza, ya pili, ya nne. Akamgonga refa mgongoni, kofia ya refa ikaruka. Kitambaa cha njano. Yadi kumi na tano.

"Profesa!" akanguruma. "Una kazi moja tu!"

"Samahani, Kocha. Nilidhani husogei."

Mpango wa pili ulikuwa wa kukimbia. Trammell ametulia zake anatafuna kijiti. Nikamkamata mkanda kwa mikono miwili na kumvuta kwa nguvu zangu zote za Singida.

"We! Unafanya nini? Nimesimama hapa!"

Shingo ya lile jitu ikageuka. Ngumi juu. Saba wakaja kama nyumba inaungua.

Mkimbiaji wetu akawapita upande wa kulia. Nyuma kulikuwa na nyasi na malaika. Yadi sabini na moja, pointi sita.

Jukwaani nikasikia watu wanalilia noti zao, maana kumbe si karanga peke yake zilizokuwa zinawekwa. Sauti ya mama mmoja wa kwaya ikapaa: "Earline! Mkwe wako amekuharibia!"

Tulifanya hivyo mara tatu kipindi cha kwanza. Trammell alivutwa siku ile hadi suruali ikapoteza vishikizo viwili. Nilipomwacha huru alikimbilia uwanjani, tukaadhibiwa tena mara mbili. Yadi thelathini kwa ajili ya mtu asiyesogea.

Wakati wa mapumziko Brantley akasimama mbele ya wachezaji. "Mnaona? Mfumo umeanza kukubali."

Kipindi cha pili Delmont wakashtuka. Wakaanza kukataa mkanda. Nikishika, hawaji. Nisiposhika, wanakuja. Wakasawazisha. Dakika ya mwisho ni ishirini na nne kwa ishirini na nne, tumebakiza yadi thelathini kufika mwisho wa uwanja wao, zimebaki sekunde tisa.

Hedifoni ikasema tunarusha.

Nikishika, watafanya nini? Nisiposhika je? Hesabu zote zikanitoka kichwani. Nilichoona ni Ronetta anakunja nguo.

Basi nikapita mbele ya kocha, nikasimama pembeni kabisa ya mstari, nikainua mikono yote miwili juu mitupu, nikaanza kuipunga kama naaga meli.

Walinzi saba wa Delmont wakaniangalia. Jitu likainua ngumi, likaishusha, likaiinua tena. Wawili wakaja, wawili wakarudi, wawili wakagongana.

Deshun alipata sekunde tatu. Alipata nne! Alisimama pale kama mtu anayesubiri chai, akaurusha, na ukafika.

Thelathini kwa ishirini na nne.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka Deshun alinibeba, na mimi si mwepesi.

Kwa waandishi wa habari Trammell akazungumzia uvumilivu na falsafa. Brantley akazungumzia mfumo. Mimi hakuna aliyeniuliza, na sikujali hata kidogo. Nyumba yangu imepona. Ronetta alicheza jikoni usiku ule na kijiko mkononi.

Sasa hapa ungedhani nimemaliza. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo.

Tulishinda na ya mwisho. Wiki mbili baadaye chuo kikubwa kule Georgia kikamtangaza Dub Trammell kuwa kocha wao mkuu. Gazeti likamwita bingwa aliyeutibu uvamizi. Wakamwalika na kwenye mkutano wa makocha awafundishe wenzake, saa mbili nzima, slaidi za Brantley. Mkanda haukutajwa.

Na nilishasema, kocha mkuu akiondoka wote tunafagiwa. Hakuna anayeangalia kama ameondoka kwa kushinda au kwa kushindwa.

Simu ikaita Alhamisi, tuko mezani tunakula.

"Profesa! Jumatatu tunaanza Georgia. Nafasi yako ipo, kubwa kuliko ya hapa. Sema ndiyo."

"Nakusikia, Kocha," nikasema. Niliongea vizuri, kwa sauti ya kawaida. Nilikuwa nataka kusikiliza kwanza, halafu nizungumze na mke wangu kama binadamu.

Nilipogeuka, kiti cha Ayanna kilikuwa kitupu. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa. Ronetta alikuwa amezima jiko na anatoa sahani, chakula hakijaisha.

Nikafunika simu kwa kiganja. "Vipi? Hamjui hata ni nani, wala nimesema nini."

"Hatuhitaji kusikia," Ronetta akasema.

"Kwa hiyo umejuaje?"

"Umesimama, Njiku."

Nikajiangalia. Kweli nilikuwa nimesimama. Tena nilikuwa nimeshafika dirishani, nimewapa mgongo.

"Simu za kawaida unaongea umekaa," akasema taratibu. "Ukisimama ukaenda dirishani, tunahama. Imekuwa hivyo mara tano. Ayanna alijua tangu ana miaka sita. Siku hizi hasubiri umalize, anaenda kumpigia rafiki yake kumuaga."

Nilibaki hapo na simu mkononi. Miaka kumi na minane nahesabu nyendo za watu wengine. Na mtoto wangu alikuwa ananisoma mgongo.

"Profesa, upo?" sauti ya Trammell ikasema kwenye kiganja.

Nikarudi mezani. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Kocha, asante sana. Siji."

"Unasemaje? Unajua watu wangapi wanaitaka nafasi hii?"

"Mpe mmojawapo. Na umwambie akushike baada ya mchezo kuanza, asikushike kabla."

"Mimi sisogei, Profesa!"

Nikakata simu. Ronetta alikuwa bado ameshika sahani, ananiangalia kama mtu asiyeamini mizani. Aliirudisha sahani yangu mezani, akawasha jiko, akamwita Ayanna aje amalize kula.

Ayanna alichukua muda kutoka. Macho yalikuwa mekundu. Aliniangalia nimekaa, akaangalia simu, akakaa.

Siku hizi nafundisha hesabu shule ya sekondari hapahapa mjini. Deshun alihitimu Mei mwaka jana. Ayanna anamaliza mwezi ujao, na rafiki yake bado ni yuleyule.

Nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu, kwa hiyo nakupa bure. Ukiona mambo yanaharibika na hujui kwa nini, usikimbilie wataalamu. Nenda kwa yule anayeumia na umuulize, "Mimi huwa nafanya nini kabla hujaumia?"

Halafu kaa usikilize. Atakujibu palepale, maana amekuwa akikuangalia siku nyingi.